Barua ya wazi kwa wakubwa wa afya: pombe na ngono ziwekeni kwenye faili moja

Shikamooni wakubwa zangu. Naandika kwa waziri wa afya na wakurugenzi wake, kwa waganga wakuu, kwa mnaotoa leseni za baa, kwa mnaopanga kodi ya pombe, na kwa yeyote ambaye sahihi yake ndo inaamua kliniki ifunguliwe siku gani na ifungwe saa ngapi. Sina cheo chochote. Ni mwanaume wa miaka 34, nafanya kazi ya kawaida, na hii barua nimeiandika na kuifuta mara nyingi sana kwa sababu ya aibu, alafu nikaona aibu yenyewe ndo imetufikisha hapa.

Ni kuhusu pombe na ngono. Sio pombe peke yake, hiyo mnaiongelea kila siku, na sio ngono peke yake, ya hiyo mabango yapo kila kona. Naongelea zile saa chache ambazo hivi vitu viwili vinakutana, kuanzia saa nne usiku mpaka alfajiri, pale ambapo mtu mwenye akili zake, aliyesoma, anayejua VVU inaambukizwaje na kondomu inavaliwaje, anafanya kitu ambacho ungemuuliza saa nane mchana angekuapia kwamba yeye hawezi kukifanya.

Mimi nilikifanya. Ilikuwa Jumamosi, tumemaliza kazi moja kubwa iliyotusumbua miezi mitatu, ofisi nzima tukatoka kwenda kusherehekea. Nilianza na bia, baadaye wakaleta pombe kali, na mimi siku hiyo nilikuwa sijala vizuri tangu asubuhi. Kuna dada mmoja tulikuwa tumezoeana kazini, utani wa siku zote, tukajikuta meza moja. Nakumbuka muziki, nakumbuka tulicheka sana, nakumbuka kuna mtu alisema twendeni sehemu nyingine. Baada ya hapo hamna kitu, yaani sio kwamba nakumbuka kwa mbali, hamna kabisa, nilizima, na kinachofuata ni Jumapili saa nne asubuhi nimeamka kwenye chumba ambacho sio changu na yeye kakaa pembeni ya kitanda kajishika kichwa ananiuliza, "hivi tulitumia kinga?" Na mimi nilikuwa nataka kumuuliza yeye swali hilohilo.

Kondomu ilikuwa kwenye waleti yangu. Niliikuta vilevile, pakiti haijachanwa.

Naomba hapo mtulie kidogo maana kampeni zenu nyingi zinaishia pale ambapo mimi nilianzia. Elimu nilikuwa nayo. Kondomu nilikuwa nayo, sentimita chache tu kutoka mkononi mwangu. Kilichokosekana ni yule mtu wa kuitoa, kwa sababu saa hiyo hakuwepo.

Tukaenda kituo cha afya pamoja mchana ule ule. Mlinzi anauliza mgonjwa ni nani, tukaangaliana. Aliyekuwa zamu alikuwa mstaarabu ila akatuambia dawa za kujikinga baada ya tukio, zile za PEP, zipo kitengo kingine, chumba kimefungwa, ufunguo anao mhusika, mje kesho. Dada akaenda duka la dawa mwenyewe kutafuta vidonge vya dharura vya kuzuia mimba. Jumatatu tukarudi, tukakaa foleni mpaka saa sita, tukaulizwa mbele ya watu kama tulikuwa tumelewa, tukasema ndio, na tukaambiwa tungefikiria kabla. Dawa tulipata. Zilikuwa zimepita kama saa 36. Tulimeza siku 28 zote na baada ya miezi 3 majibu yalikuwa salama kwa wote wawili, namshukuru Mungu. Lakini katika safari yote ile, watu wanne wa afya tuliokutana nao, hakuna hata mmoja aliyeniuliza huwa nakunywa kiasi gani, na hakuna aliyetaja kupima kisonono, klamidia wala kaswende, magonjwa ambayo mtu unaweza ukatembea nayo bila dalili yoyote. Walitibu usiku mmoja tu, kilichouleta usiku wenyewe wakakiacha.

Tangu hapo nimekuwa nasoma. Sio daktari mimi, ila nimesoma sana, na ninachotaka kuwaambia ni kwamba hii ishu sio ya tabia mbaya tu kama tunavyoimbiwa.

Kuna imani kwamba pombe inatoa kilichopo moyoni, kwamba mlevi anafanya kile alichokuwa anakitaka siku zote ila alikuwa anajizuia. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa saikolojia, Claude Steele na Robert Josephs, waliandika maelezo tofauti ambayo binafsi naona ndo yanafanana na nilichokiona. Walisema pombe inafanya akili isione mbali. Mtu aliyelewa anaona kile kilicho karibu na kinachopiga kelele, yaani mwili ulio mbele yake, muziki, hamu, tabasamu la mtu, na vile vitu vya mbali na vya kimya kama ugonjwa, mimba, mke nyumbani, kesho, vinafifia mpaka havionekani. Sio kwamba ameamua kuvipuuza. Ni kama unaendesha gari usiku na taa zinamulika hatua mbili tu mbele, shimo lipo na ukiulizwa mchana unajua lipo, ila taa hazifiki. Na angalieni jambo lenyewe lilivyo: hamu siku zote iko karibu, madhara siku zote yako mbali, kwa hiyo pombe ikikata umbali wa kuona unakuwa umeshajua nani atashinda.

Alafu kuna jambo lingine ambalo lilinishangaza. Kwenye majaribio, mtu ukimwambia amekunywa pombe wakati hujamwekea hata tone, kuna wakati anaanza kujisikia na kujiendesha kama mtu aliyekunywa, hasa kwenye mambo ya mapenzi, kwa sababu tangu utoto amefundishwa kwamba pombe inaleta ujasiri na inaleta ngono. Kwa hiyo zinafanya kazi mbili kwa pamoja, kemia kwenye damu na stori kichwani. Kemia hamuwezi kuipigia kura bungeni, ila ile stori inatengenezwa na matangazo, na matangazo nyinyi ndo mnayapa kibali. Kila tangazo la pombe lenye wasichana na wanaume wakicheka usiku ni somo, na wanafunzi wake wanaanza kulisoma wakiwa na miaka minane.

Najua mshauri wenu mmoja atasema, "huyu anachanganya mambo, watu wanaopenda hatari ndo haohao wanaopenda pombe na haohao wanaopenda ngono bila kinga, kwa hiyo pombe inasingiziwa." Hiyo hoja ni ya kweli kwa sehemu na siikwepi. Wapo watu ambao hata wakinywa maji tu wataishi hivyohivyo. Na wapo wengi wanaokunywa na hawajawahi kujiweka kwenye hatari hata siku moja. Ndo maana watafiti wakaamua kufanya majaribio ya kugawa watu kwa bahati nasibu, hawa wanapewa pombe, hawa hawapewi, alafu wote wanaulizwa kuhusu uamuzi wa kufanya ngono bila kondomu. Mwaka 2012 ilichapishwa tathmini iliyounganisha majaribio 12 ya aina hiyo, na wakakuta kila pombe kwenye damu ikiongezeka kwa miligramu 0.1 kwa mililita, uwezekano wa mtu kusema atafanya bila kinga unapanda kwa asilimia 5. Pale huwezi kusingizia tabia maana watu waligawiwa kwa bahati tu. Ni pombe.

Sasa tafakarini hiyo namba kidogo. Nchi nyingi zinamzuia dereva kuendesha akifika miligramu 0.5 kwa mililita, nyingine 0.8. Maana yake serikali zimeshakubali, kwa sheria, kwa vipimo vya kupuliza, kwa polisi barabarani, kwamba mtu wa kiwango hicho hawezi kuaminiwa na maamuzi yake mwenyewe. Mmekubali kwenye usukani. Mtu huyohuyo akitoka kwenye gari akaingia chumbani ghafla mnamrudishia akili zake zote na mnamlaumu kama aliamua akiwa timamu.

Na sio uamuzi tu, ni na maambukizi yenyewe. Kuna tathmini ya mwaka 2010 iliyokusanya tafiti zilizofuatilia watu kwa muda kuona nani anaambukizwa VVU. Wanaokunywa walikuwa na hatari karibu mara 2 ya wasiokunywa, na wale wa kunywa nyingi kwa mkupuo mmoja hatari ilikuwa mara 2.2. Shirika la Afya Duniani (WHO) lenyewe linahesabu vifo milioni 2.6 vilivyosababishwa na pombe kwa mwaka 2019, na kwenye hesabu zao za madhara ya pombe VVU imo. Imo kwenye vitabu vyao lakini kwenye vyumba vyenu haimo, na hapa ndo penyewe nilipokuwa nataka kufika.

Nendeni kituo chochote muangalie. Kuna chumba cha VVU na magonjwa ya zinaa, kuna chumba cha uzazi wa mpango, na kama kituo kina bahati kuna mahali pa watu wenye matatizo ya pombe, mara nyingi pamewekwa ndani ya kitengo cha wagonjwa wa akili ambako hakuna mtu wa kawaida anataka kuonekana anaingia. Chumba cha kwanza wanakuuliza una wapenzi wangapi, hawakuulizi unakunywa vipi. Chumba cha mwisho wanakuuliza unakunywa chupa ngapi, hawakuulizi ukishakunywa unalala na nani na unatumia nini. Mtu ni mmoja, mwili ni mmoja, usiku ni uleule, ila faili ni tatu na haziongei.

Na kuunganisha wala sio jambo la mabilioni. WHO walishatengeneza kipimo cha maswali 10 kinaitwa AUDIT, kipo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kuna toleo fupi la maswali 3 tu: unakunywa mara ngapi, siku ukinywa unakunywa kiasi gani, na ni mara ngapi unakunywa nyingi kwa wakati mmoja. Maswali matatu hayo yanachukua dakika mbili. Nesi wa chumba cha magonjwa ya zinaa akiyauliza kwa sauti ya kawaida, kama anavyouliza umri, kisha akakaa na yule mtu dakika tano au kumi kuongea bila kumsimanga, hayo maongezi mafupi yameonekana kwenye tafiti nyingi kwamba yanasaidia kupunguza unywaji kwa watu ambao bado hawajawa watumwa wa pombe. Na swali la nne naliongeza mimi mwenyewe kwa uzoefu: "mara ya mwisho ulipofanya bila kinga, ulikuwa umekunywa?" Mngeniuliza mimi hilo swali miaka miwili kabla ya ile Jumamosi ningewajibu ndio, na labda ningelisikia jibu langu mwenyewe.

Kuna kosa lingine linafanyika humohumo vyumbani na linaniuma kweli. Watu wanaotumia ARV wanaambiwa, kwa nia njema tu, pombe na dawa haviendani, ukinywa pombe usimeze dawa. Matokeo yake mtu akijua Ijumaa ana sherehe anaruka dozi ya Ijumaa, Jumamosi anaruka tena, Jumapili ana mning'inio wa pombe anasahau. Dawa zilizopangwa kufubaza virusi zinakatwa kila wikiendi, virusi vinaweza kupanda tena, na zinakatwa usiku uleule ambao ndo kuna uwezekano mkubwa kondomu ikabaki kwenye waleti. Mtu ambaye virusi vyake vimefubaa mpaka havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono, hiyo ni zawadi kubwa sana sayansi imetupa, na sisi tunaitupa kwa sentensi moja iliyosemwa vibaya. Ujumbe sahihi ni: punguza pombe ukiweza, acha ukiweza zaidi, ila hata ukinywa, dawa yako usiiache. Waelekezeni watoa huduma waseme hivyo, kwa maneno hayo, kila siku.

Turudi kwenye saa. PEP inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake, kwa hiyo 72 ni mwisho wa daraja, sio muda wa kujipangia. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vinafanya kazi mpaka siku 5 lakini navyo ni kadiri unavyowahi ndivyo vinavyosaidia. Sasa pombe inanywewa lini? Ijumaa usiku, Jumamosi usiku, mkesha wa sikukuu. Na nyinyi chumba chenye dawa mnakifunga lini? Ijumaa jioni. Mtu wa Ijumaa usiku akiamka Jumamosi anakuta pamefungwa, Jumapili pamefungwa, Jumatatu kama ni sikukuu pamefungwa, Jumanne asubuhi saa 72 zimeshamwishia na hajafanya kosa lolote la kuchelewa. Ni ratiba tu ndo imemchelewesha. Sijui ni nani aliipanga hii ratiba lakini naamini hakuwahi kuwaza kwamba hatari ina siku zake na saa zake.

Ninachoomba hapo ni kidogo mno. Dozi za mwanzo za PEP, hata za siku tatu tu, ziwekwe kwenye chumba cha dharura ambacho kiko wazi usiku na mchana, na aliye zamu awe na ruhusa na mafunzo ya kumpa mtu, na kumpima, na kumwandikia arudi siku ya kazi kumalizia. Na vidonge vya dharura vya mimba viwe hapohapo. Na kwenye mlango wa kile chumba kinachofungwa Ijumaa kuwe na karatasi yenye maandishi makubwa inayosema usiku nenda wapi. Sisi mlango ule ulikuwa na kufuli tu.

Na hiyo sauti ya "mngefikiria kabla" naomba iishe. Mtu aliyekuja mwenyewe na miguu yake ndani ya saa 36 ameshafikiria kuliko wengi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, sawa, lakini anayefichua akiaibishwa mbele ya foleni, nani atakuja tena? Mimi nawajua wenzangu watatu waliopitia usiku kama wangu, hakuna hata mmoja aliyeenda. Mmoja aliniambia bora nisijue.

Sasa kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko VVU na nimeliacha mpaka huku kwa sababu nilikuwa natafuta ujasiri. Mtu akizima kwa pombe hajalala. Anaweza kuwa anatembea, anaongea, anacheka, anaagiza kinywaji kingine, ila ubongo umeacha kutunza kumbukumbu, na anayemwangalia hawezi kujua. Kwa hiyo mimi sijui kama yule dada alikubali. Yeye hajui kama mimi nilikubali. Tumeliongea hilo, tukiwa timamu, zaidi ya mara moja, na yeye alisema anabeba swali hilohilo kuhusu mimi. Hatugombani, lakini kazini hatutaniani tena kama zamani, na mimi usiku mwingine linanirudia.

Sisi wawili wote tulikuwa chakari. Lakini iko hali ambapo mmoja ana akili zake na mwingine hajiwezi, na hapo halipo swali la kubeba, hapo ni ubakaji, na nchi inatakiwa kulisema hilo bila kumung'unya maneno. Maneno "alikuwa amelewa" yana maajabu mabaya, kwa mwanaume yanatumika kumsamehe na kwa mwanamke yanatumika kumhukumu. Dada akienda kuripoti swali la kwanza ni alikunywa ngapi na alivaa nini, yaani kile kilichomfanya ashindwe kujitetea ndo kinageuzwa ushahidi dhidi yake. Wafundisheni polisi, wafundisheni watu wa mapokezi hospitalini, na wafundisheni vijana wa kiume mapema kabisa kwamba mtu asiyeweza kusimama hawezi kukubali. Huyo dada anahitaji PEP, anahitaji kuzuia mimba, anahitaji kupimwa na kutunziwa ushahidi, na anahitaji vyote usiku huo, kwa mtu mmoja, bila kurudia stori yake madirisha manne.

Kwa mnaotoa leseni nitasema kwa kifupi. Kondomu mnaziweka hospitalini, mahali ambapo watu wako timamu. Ziwekeni chooni kwenye baa, bure, kwa wanaume na kwa wanawake, iwe sharti la leseni kama ilivyo mlango wa dharura na mtungi wa kuzimia moto. Nimeshasema kwamba kuwa nayo peke yake hakutoshi, mimi nilikuwa nayo, lakini mtu akiiona mbele yake pale anaponawa mikono, kile kilichokuwa mbali kinasogezwa karibu, na kama akili iliyolewa inaona cha karibu tu basi tuweke kinga karibu. Na wahudumu wa baa, hasa akina dada, wako kazini kila usiku kati ya watu waliolewa, wananunuliwa vinywaji ili wakae na mteja, wanaguswa, wengine mshahara wao unategemea wauze chupa ngapi. Kuwapelekea huduma ya kupima na PrEP, yaani dawa za kujikinga na VVU kabla ya tukio, kwa muda unaoendana na kazi yao, yaani mchana na sio asubuhi wakiwa ndo wamelala, ni jambo ambalo lilitakiwa liwe limefanyika zamani.

Kwa wa kodi, nina mifano miwili. Mwaka 2011 jimbo la Maryland kule Marekani lilipandisha kodi ya mauzo ya pombe kutoka asilimia 6 hadi 9. Watafiti wakafuatilia na wakakuta kisonono kilishuka kwa asilimia 24, ingawa klamidia haikuonyesha mabadiliko, na nawatajia na hilo ili msidhani nachagua yanayonifurahisha. Hakuna aliyehubiri ngono salama kwenye ile sheria, ilikuwa ni kodi tu. Na Los Angeles baada ya ghasia za mwaka 1992, maduka mengi ya pombe yalichomwa na kuharibiwa na leseni zao zikarudishwa serikalini, na maeneo ambayo maduka yalipungua kisonono nacho kikapungua. Bei na idadi ya mahali pa kununulia pombe ni sera ya afya ya uzazi hata kama imekaa wizara ya fedha. WHO wenyewe tangu 2018 wanawashauri mambo matano kuhusu pombe, na kodi, kupunguza upatikanaji na kubana matangazo vimo vyote. Sasa mnapokaa meza moja na kampuni za pombe kujadili sheria ya pombe, na kampuni hizohizo zinadhamini mechi na matamasha ya vijana, mimi nashindwa kuelewa mnategemea watoke wamekubali nini.

Sijawaomba mpige marufuku pombe. Marufuku inahamisha unywaji gizani na gizani ndo kubaya zaidi, na wala sidhani kama mtu mzima anatakiwa achungwe kama mtoto. Mimi mwenyewe bado nakunywa, kidogo, na nikitoka na wenzangu kuna mmoja ambaye hanywi na tumekubaliana mapema nani anarudi na nani. Tulikubaliana mchana, tukiwa timamu, kwa sababu nimeshajua kwamba yule wa saa saba usiku hawezi kuachiwa maamuzi.

Nawaomba vitu vitatu kabla ya mwaka huu kuisha, vingine vyote vinaweza kusubiri bajeti. Maswali matatu ya pombe yaingie kwenye fomu ya kila mtu anayekuja kwa VVU, magonjwa ya zinaa au uzazi wa mpango, na swali la ngono liingie kwenye fomu ya pombe. Ile kauli ya "ukinywa usimeze ARV" ifutwe kwa waraka rasmi. Na PEP ipatikane usiku wa Jumamosi.

Kile kituo nilipita mbele yake Jumapili iliyopita. Chumba bado kimefungwa, karatasi bado hamna. Kulikuwa na wawili wamesimama nje, kijana na msichana, wanaongea kwa sauti ya chini, na sikujua kama wanasubiri mgonjwa wao au wamekuja kwa lile lililotuleta sisi. Nilisita, kisha nikawasogelea nikawauliza kama wanahitaji kuelekezwa mahali.